Mita 6 au mita 100: hesabu ya kujenga kando ya Mto Malaba

Ekari moja kando ya Mto Malaba inaweza kukutosha kwa ghala ukiwa upande wa Kenya, na upande wa Uganda isikupe hata nafasi ya kibanda. Sheria za nchi mbili hazipimi ukingo kwa kipimo kimoja.

Tuchukue kiwanja cha mita 50 kwa 81, takriban ekari moja, kinachogusa mto kwa upande wa mita 50. Nchini Kenya, kanuni za ubora wa maji za 2006 zinakataza kulima na kujenga ndani ya mita 6 hadi 30, zikihesabiwa kutoka kiwango cha juu zaidi cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Kwa mita 6 unapoteza mita za mraba 300, yaani asilimia 7. Kwa mita 30 zinakwenda 1,500, asilimia 37. Uganda, iliko Kwapa wilayani Tororo, kanuni za 2000 zinalinda mita 100 kwa mito iliyoorodheshwa na mita 30 kwa mingine. Kwa mita 100, kiwanja chote kimekwenda.

Basi kabla ya kutoa arubuni, muulize wakili: mto huu umo kwenye orodha, na kamba inaanza kuvutwa wapi? Bikoni iliyopigwa wakati wa kiangazi, maji yakiwa yamerudi chini, haikuonyeshi mto ulifika wapi ulipofurika.

Wengi hudhani vibali ni mambo ya mjini. Tangu 2010, sheria ya Uganda imeitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, vijiji vya Kwapa vikiwemo. Nchini Kenya, chini ya sheria ya mipango ya 2019, anayejenga bila idhini ya kaunti anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kufungwa hadi miezi miwili, au vyote viwili.

Zipo pia siku za kuhesabu. Upande wa Kenya, Kaunti ya Busia ikikaa siku 60 bila kukujibu kwa maandishi, sheria inachukulia kuwa imekubali. Ikikataa, una siku 14 za kukata rufaa. Lakini ukimya wa kaunti hauondoi haja ya leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Na leseni hiyo nayo inaweza kupingwa ndani ya siku 60 mbele ya jopo la rufaa za mazingira.

Lamu inaonyesha gharama ya pingamizi hilo. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, wa takriban dola bilioni 2, ulipata leseni Septemba 2016. Jopo liliifuta Juni 2019, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hiyo ni karibu miezi 34. Mwenye mkopo wa shilingi milioni 10 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka analipa 125,000 kila mwezi. Kwa muda huo, riba pekee ingefika milioni 4.25.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni pesa. Anza na wakili na mpima ardhi, kisha mtaalamu wa tathmini ya mazingira, kisha kikao cha kweli na majirani, ambao wanajua mafuriko hufika wapi. Malipo ya kiwanja yaje mwisho. Ukingo ukiachwa salama, jengo lako linasimama, na wanaoteka maji chini ya mto hawalipi gharama ya haraka yako.