Usubi, Nyungunyungu na Kakao ya Mavivi

Ua la mkakao ni dogo mno, na nyuki wa asali hulipita bila kulijali. Chavua yake imefichwa ndani ya petali zilizojikunja. Anayeifikia hasa ni usubi wa jenasi ya Forcipomyia, mdudu wa milimita 1 hadi 3. Ua lisipochavushwa ndani ya siku moja au mbili huanguka, na kwa kawaida maua yanayozaa hayafiki hata 5 kati ya 100.

Mavivi, kaskazini kidogo mwa mji wa Beni, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya Oicha, imo katika nchi ya kakao. Miaka ya 1990 ugonjwa wa mnyauko uliangamiza kahawa ya robusta eneo la Beni, na baadaye wakulima wengi wakageukia kakao. Mkakao kwa asili ni mti wa kivulini, uliozoea kukua chini ya miti mirefu ya Amazoni. Ndiyo maana hustawi ukichanganywa na migomba, miparachichi na miti ya mbao.

Lakini usubi hauzaliwi kwenye ua. Mabuu yake huishi chini, katika majani yanayooza, maganda ya kakao na vipande vya mgomba vyenye unyevu. Shamba lililofagiliwa hadi udongo ukabaki uchi husifiwa kwa usafi. Mimi naliona limefukuza wachavushaji wake. Dawa ya wadudu ikipulizwa wakati wa maua, hasara ni ileile.

Katika majani hayohayo jongoo hutafuna na kusaga, nyungunyungu huyavuta chini na kuyachanganya na udongo, na vijia vyao hupokea mvua ambayo ingeteremka mtoni na rutuba yote. Mchwa wanachukiwa bure: wengi wao hula mti uliokufa, na mara nyingi huvamia mazao pale ambapo hawakuachiwa kitu kikavu. Mti huwasaidia wote hawa kwa kivuli kinachopoza udongo, kwa majani yanayoanguka mwaka mzima na kwa mizizi isiyopinduliwa na jembe kila msimu. Shamba la mihogo linalochomwa moto kabla ya kulimwa haliwapi lolote kati ya hayo.

Si kila mti unafaa, hata hivyo. Mikalitusi iliyotanda kwenye vilima vya Butembo na Lubero hukua haraka, hutoa mbao na makaa, na kila gunia lake ni gunia lisilotolewa katika Mbuga ya Virunga. Hiyo ni kazi kubwa. Ila majani yake ni magumu, yamejaa mafuta na tanini, na viumbe wengi wa udongoni huyakwepa. Majani ya miti ya jamii ya mikunde, kama lusina, huoza upesi na kuacha naitrojeni.

Kivuli nacho kina kipimo chake. Kikikosekana, mdudu Sahlbergella singularis hufyonza matunda na machipukizi mahali jua linapopenya. Kikizidi, unyevu hulea ugonjwa wa kuoza kwa matunda, kwa hiyo matawi yapunguzwe na matunda yaliyooza yatolewe shambani. Mgomba unahitaji uangalifu zaidi: shina lililokatwa likiachwa zima karibu na shina mama huzalisha fukusi. Lipasuliwe vipandevipande, kisha lipelekwe chini ya mikakao.

Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yamewafukuza watu wengi wa Beni mashambani mwao. Familia inayopata saa chache tu za kulima haiwezi kubeba samadi wala kupalilia kila wiki. Kwa watu hawa, mbolea inayoanguka yenyewe ina thamani ya pekee.

Anayetaka kujua hali ya shamba lake atumie njia iliyoenezwa na TSBF, mpango wa utafiti wa uhai na rutuba ya udongo wa tropiki uliokuwa na makao yake Nairobi: chimba shimo la sentimita 25 kwa 25, kina 30, uchambue udongo wake kwa mkono na kuhesabu viumbe wote. Fanya hivyo chini ya mkakao wenye majani mengi, kisha katika shamba lililochomwa, na uwaite majirani waone hesabu zote mbili kabla ya msimu wa kuwasha moto.