Kichanga na Ramani ya Kichwa Chake

Mwaka 1988 daktari Mfaransa Jean Talairach na mwenzake Pierre Tournoux walichapisha atlasi ya ubongo iliyotumiwa na watafiti wa dunia nzima kwa miaka mingi. Ubongo uliochorwa humo ulikuwa mmoja tu, wa bibi wa miaka 60 aliyekwisha kufariki. Baadaye taasisi ya ubongo ya Montreal, Kanada, ilichukua picha za MRI za watu wazima 305 ikatengeneza wastani wao. Kiolezo ndicho hicho: picha ya kichwa kisicho cha mtu yeyote, ambayo kichwa cha mgonjwa hulinganishwa nayo ili ijulikane kipi kiko wapi na kipi kimekaa kombo.

Kumpima kichanga kwa violezo hivyo ni kumvisha suti ya babu yake, na kuipunguza hakusaidii. Ubongo wa mtoto aliyezaliwa leo una takriban theluthi moja ya ujazo wa ule wa mtu mzima, lakini ukubwa ni jambo dogo. Nyuzi zake nyingi za neva bado hazijavikwa mayelini, tabaka la mafuta linaloharakisha mawasiliano, hivyo rangi za MRI hugeuka: panapong'aa kwa mama, kwa mtoto pana giza. Programu iliyozoea watu wazima hupotea papo hapo.

Halafu kuna utosi, ule unaopwita mtoto akilala. MRI haioni vizuri mifupa myembamba ya fuvu lisilounga. CT huiona barabara, ila kwa eksirei, na hakuna daktari atakayemmulika mtoto mwenye afya kwa ajili ya utafiti tu. Inabidi kupekua kumbukumbu za hospitali, kutafuta picha za watoto waliopimwa kwa wasiwasi fulani wakakutwa hawana tatizo. Fuvu lina maana yake: anayepima umeme wa ubongo kwa vifaa vinavyobandikwa kichwani lazima ajue wapi kuna mfupa na wapi ni utosi, kwa kuwa umeme haupiti sawasawa.

Kiolezo chenyewe hupikwa kwa subira. Kompyuta hugeuza kila picha, huivuta na kuibana hadi vichwa vyote vikae pamoja, kisha huchukua wastani. Wastani wa kwanza huwa na ukungu. Picha zote hulinganishwa nao upya, tena na tena, mpaka mikunjo ya ubongo ianze kuonekana. Na kiolezo kimoja hakitoshi, maana ubongo wa njiti wa wiki 28, zikihesabiwa tangu mwanzo wa mimba, karibu ni laini, na ule wa wiki 40 umejaa mikunjo. Mwaka 2012 watafiti wa London walitoa atlasi ya wiki kwa wiki, kuanzia ya 28 hadi ya 44, kutokana na njiti 204.

Mradi mkubwa zaidi jijini humo, ulioongozwa na King's College, ulitoa mwaka 2021 picha za watoto 783. Dawa ya usingizi haikuwa kawaida yao. Mtoto hunyonyeshwa, huvingirishwa nguo, huzibwa masikio, na mlio wa mashine hupandishwa taratibu asije akashtuka. Akiamka, kazi imesimama.

Violezo vingi vinavyotumika vimetoka hospitali za nchi tajiri, zenye mashine za sumaku kali ya tesla 3. Mwaka 2022 huko Mbarara, Uganda, wahandisi wa chuo kikuu cha sayansi na wenzao wa Uholanzi na Marekani waliunganisha mashine ya MRI ya takriban tesla 0.05, wakiwafikiria hasa watoto wenye kichwa maji. Picha zake ni hafifu. Lakini daktari wa watoto hao anataka kujua maji ni kiasi gani na ubongo uliobaki ni kiasi gani, na kichwa kilichofurika hivyo hakifanani na wastani wowote wa London. Kukipima kwa uhakika kutahitaji violezo vilivyotokana na picha za mashine kama hiyo, za watoto wa huko huko.