Majitu ya Lanka na Shing'weng'we wa Usukuma

Wajukuu zangu, sogeeni karibu na moto. Hapa kwetu Ntuzu, zamani sana kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012 na Bariadi kuwa makao yake makuu, moto wa namna hii uliitwa shikome. Ng'ombe wakisharudi zizini vijana waliukoka, wazee wakaketi, na mambo ya ukoo yakasemwa hapo. Nyumbani nako bibi alisimulia hadithi huku michembe ikitokota chunguni. Leo nitawasimulia za majitu, ya ng'ambo ya bahari kwanza, kisha la kwetu.

Huko India kuna masimulizi ya kabila zima la majitu liitwalo Rakshasa. Nasema kabila kwa sababu hawa hawakuwa zimwi mmoja anayevizia watu porini. Walikuwa na mfalme, walioa na kuolewa, wakazaa, wakagombana kama ndugu wanavyogombana, na mji wao wa Lanka ulisifika kwa dhahabu. Habari zao zimo ndani ya Ramayana, utenzi mrefu ambao Wahindu wanasema ulitungwa na Valmiki. Humo inasimuliwa kwamba mungu Brahma alipoumba maji, aliumba na viumbe vya kuyatunza. Waliojibu kwamba watayalinda ndio wakaitwa Rakshasa, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya kulinda. Hebu fikirini: mlinzi ndiye aliyekuja kugeuka mla watu.

Usiku ukiingia nguvu zao huzidi. Tena wanajigeuza watakavyo. Rakshasa mmoja, Maricha, alijigeuza swala wa dhahabu ili amvute Rama, shujaa wa utenzi huo, mbali na mkewe, Sita. Rama alipokwenda kumwinda, mfalme wa majitu, Ravana mwenye vichwa kumi, akaja mlangoni amejifanya mtu wa dini anayeomba chakula, akamnyakua Sita na kupaa naye hadi Lanka. Ravana alikuwa na mdogo wake, Kumbhakarna, aliyelala miezi sita kwa mpigo na kuamka siku moja tu, na siku hiyo kazi yake ilikuwa kula. Zizi zima la Msukuma tajiri lisingemtosha.

Sasa tegeni masikio. Zamani Ravana alimwomba Brahma ampe kinga, asiuawe. Akawataja miungu, akayataja majoka, akawataja na majitu wenzake. Binadamu hakumtaja. Kwake binadamu alikuwa chakula tu, na nani anaogopa chakula? Rama alizaliwa binadamu, na mkono wake ndio uliomuua Ravana. Mkifika Mwanza au mtaa wa Kisutu pale Dar es Salaam mwezi wa kumi au wa kumi na moja, mtaona Wahindu wamewasha taa za Diwali. Wengi wao hukumbuka siku Rama aliporudi kwao.

Turudi nyumbani. Shing'weng'we! Litamkeni vizuri, ng' ya ng'ombe, mara mbili. Huyu hana mji, hana dada wala kaka, wala hajigeuzi swala. Yeye humeza tu. Alimeza ng'ombe na mbuzi, akameza wazee na watoto, dunia ikabaki kimya. Akasalia mwanamke mmoja mjamzito, aliyejificha ndani ya lundo la makapi. Ninyi mnayajua makapi ya uwele baada ya kupura, yanavyowasha shingoni na vumbi lake linavyokaba koo. Mama huyu alilala humo na tumbo lake kubwa, asikohoe hata mara moja.

Mnaona? Ravana alimwacha binadamu katika hesabu yake. Shing'weng'we naye alimwacha mtoto aliyekuwa bado tumboni.

Mtoto akazaliwa, akaitwa Masala Kulangwa, yaani mwenye akili anayeelewa upesi. Alipopata fahamu akauliza, "Mayu, mbona tuko wawili tu? Wengine wako wapi?" Mama akamweleza. Basi kijana akaingia porini, akarudi mbio akiimba kwamba amemuua Shing'weng'we. Mama akatazama mkononi mwake. "Huyu ni panzi, mwanangu. Tumbanike, tumle." Siku nyingine akaleta ndege. Siku nyingine swala. Kila mara wimbo uleule, na kila mara mama akamrekebisha kwa upole, akapika kilicholetwa. Kwa vyakula hivyo ndivyo mtoto alivyopata misuli. Nampenda sana mama huyu.

Siku ilipofika, Masala Kulangwa akakutana na Shing'weng'we mwenyewe, akapigana naye, akamuua. Akampasua mgongo. Akatoka baba yake, wakatoka jamaa zake, wakatoka watu wote wakipepesa macho juani. Lakini kisu kilipokuwa kinapita, kilikata sikio la bibi kizee mmoja.

Bibi akawaka. Akamtukana kijana, akajaribu hata kumroga, ila rafiki za kijana walimlinda. Masala Kulangwa angeweza kusema, "Nyamaza, nimekutoa tumboni mwa zimwi." Hakusema hivyo. Sikio lilikuwa la bibi, na kisu kilikuwa chake. Alikwenda kutafuta dawa, akamtibu mpaka akapona. Hapo ndipo watu walipomkalisha kwenye kiti cha mtemi.

Lanka nako alitawazwa mtu mwema baada ya Ravana kuuawa, na alikuwa Rakshasa! Vibhishana, ndugu wa Ravana, ndiye aliyemsihi kaka yake amrudishe Sita, akafukuzwa kwa kusema hivyo. Kwa hiyo msimhukumu mtu kwa kabila lake, hata kama ni kabila la majitu.

Msimulizi mwenye haraka huishia pale watu wanapotoka mgongoni mwa zimwi. Mkienda kwa bibi zenu Dutwa, Maswa au Meatu, waombeni wawasimulie Shing'weng'we kwa Kisukuma. Mmoja akiruka habari ya sikio, mwambieni kwa adabu, "Bibi, bado kuna mtu mmoja."