Mwani, Joto la Bahari na Suala la Nyenzo

Katika madarasa yetu ya siasa husikika mara kwa mara kauli kwamba mabadiliko ya tabia nchi ni msiba wa wote, kwa kuwa jua halichagui. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Tuipime kwa mfano tunaoujua: kilimo cha mwani Zanzibar.

Kilimo hiki kilianza kibiashara mwaka 1989 katika vijiji vya mashariki ya Unguja, kama Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Wazalishaji walio wengi ni wanawake. Maji yanapokupwa wakati wa bamvua hupiga vigingi mchangani, wakafunga kamba na kuning'iniza mbegu. Baada ya wiki sita hivi huvuna.

Mbegu ni za aina mbili. Kotonii hulipwa bei kubwa, mara nyingi maradufu, kwa kuwa viwanda vya nje huihitaji zaidi kwa kugandishia vyakula. Spinosamu ina bei ndogo lakini ni sugu. Hapo ndipo joto lilipoingia. Maji ya kina kifupi yanayobaki juani baada ya kupwa hupanda joto kupita digrii 30, na kotonii haistahimili. Mmea uliodhoofika hushambuliwa na vijidudu. Matawi huwa meupe, hulainika, hukatika na kuchukuliwa na mkondo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii imekuwa ikifa katika maeneo mengi, na wakulima wamebaki na spinosamu. Jasho ni lile lile, malipo ni nusu.

Joto hilo halikuzalishwa Jambiani. Kabla ya mapinduzi ya viwanda ya Ulaya, hewa ya ukaa angani ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila milioni. Leo imepita 420. Aliyenufaika na moshi na anayepoteza mwani si mtu mmoja.

Lakini tusiishie kuwalaumu mabeberu, maana huo ni uvivu wa fikra. Njia ya kujinusuru inajulikana: kuhamishia kotonii kwenye maji ya kina, ambayo hayapati joto upesi, kwa kutumia nyavu za mirija au kamba zinazoelea. Imejaribiwa Zanzibar. Tatizo ni kwamba maji ya kina yanataka boti, nanga na kujua kuogelea, na akina mama wengi waliingia kazi hii kwa sababu waliweza kuifikia kwa miguu. Boti ikiwa ya mtu mwingine, mkulima atageuka kibarua katika zao alilolijenga mwenyewe. Tangu mwanzo wanunuzi wamekuwa wakitoa kamba na kupanga bei. Mwani ukifa, nguvu iliyopotea ni ya mkulima. Hiyo si kazi ya jua, ni mahusiano ya uzalishaji.

Azimio la Arusha la 1967 lilitufundisha kuuliza njia kuu za uchumi zimo mikononi mwa nani. Basi kada anayekwenda kijijini asianze na mhadhara wa gesi. Aulize: boti imeandikishwa kwa jina la nani? Ushirika una nyavu zake? Nani anawafundisha akina mama kuogelea, na saa ngapi, wakati nyumbani wanasubiriwa kupika?

Vikundi vingine vya wanawake husaga spinosamu na kutengeneza sabuni. Ni hatua njema, ingawa tusijidanganye: sabuni huchukua sehemu ndogo tu ya mavuno, na mwani mwingi bado huondoka visiwani mkavu, ndani ya magunia.