Setilaiti ya Ngomeni iliyofichua shimo jeusi angani

Desemba 12, 1970, Wakenya walipokuwa wakiadhimisha mwaka wa saba tangu nchi ijinyakulie uhuru, roketi ilifyatuka kutoka jukwaa la chuma lililosimikwa baharini karibu na kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa mji wa Malindi. Ndani ya roketi hiyo mlikuwa na setilaiti ya uzani wa kilo zipatazo 140. Kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi iliyoipa makao, chombo hicho kilipewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Leo jina hilo limo katika vitabu vya elimu ya falaki kote duniani, ijapokuwa Wakenya wengi hawajapata kulisikia likihusishwa na nyota. Uhuru ndiyo setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Ni chombo hicho kilichowapa wanasayansi ithibati za kwanza thabiti kwamba mashimo meusi, ambayo hadi wakati huo yalikuwa hesabu za karatasini tu, huenda kweli yapo.

Miali ya eksirei inajulikana zaidi hospitalini, ambako hutumiwa kupiga picha za mifupa. Kwa kuwa hupenya nyama ya mwili, mtu angedhani kwamba miali hiyo ikitoka kwenye nyota itafika ardhini bila taabu. Sivyo. Hewa iliyo juu ya kichwa cha kila binadamu, ikijumlishwa kutoka ardhini hadi ukomo wake, ina uzani sawa na maji ya kina cha mita 10. Miali ya eksirei ya kutoka angani haiwezi kupenya blanketi hilo zito. Hiyo ni bahati kwa viumbe wa duniani, kwani miali hiyo hudhuru mwili, lakini ni kikwazo kwa mtafiti. Darubini ya eksirei iliyowekwa kileleni mwa Mlima Kenya isingeona chochote.

Njia ilikuwa moja tu, nayo ni kupanda juu ya hewa. Mnamo Juni 1962, kikundi cha wanasayansi nchini Marekani kilichoongozwa na Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia, kilirusha roketi ndogo iliyokaa juu ya hewa kwa dakika chache kabla ya kuanguka. Walikuwa wakitafuta miali ya eksirei kutoka mwezini. Badala yake walikuta miali mikali ikitoka mbali mno, upande wa kundi la nyota liitwalo Nge. Hakuna aliyeitarajia. Jua letu hutoa eksirei kidogo tu. Ni nyota ya aina gani basi inayoweza kuzimwaga kwa wingi kiasi hicho na zionekane kutoka mbali namna ile?

Dakika chache za roketi hazikutosha kujibu swali hilo. Palihitajika chombo cha kukaa angani miezi na miaka. Hapo ndipo pwani ya Kenya ilipoingia katika historia ya sayansi.

Kwa nini Ngomeni?

Jukwaa la San Marco lilikuwa mradi wa Italia, ulioongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Broglio aliichagua pwani ya Kenya kwa sababu iko karibu na ikweta. Dunia huzunguka kwenye mhimili wake kuelekea mashariki, na mahali popote kwenye ikweta huenda kasi ya kilomita zipatazo 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa hapo kuelekea mashariki huanza safari yake ikiwa tayari imesukumwa na Dunia yenyewe. Aidha, mashariki mwa Ngomeni ni Bahari ya Hindi tupu, hivi kwamba vipande vya roketi huanguka majini bila kumdhuru mtu.

Kulikuwa na faida nyingine. Kuizunguka Dunia kuna mikanda ya chembechembe zenye umeme ambazo huvuruga vifaa vya kupimia eksirei. Setilaiti inayopita juu ya ikweta, kwa kimo cha kilomita 500 na ushei, huepuka sehemu kubwa ya usumbufu huo.

Setilaiti ilitengenezwa Marekani, na msimamizi wa mradi alikuwa mhandisi Marjorie Townsend wa shirika la NASA, mwanamke aliyeshika wadhifa huo katika enzi ambayo kazi hizo zilihodhiwa na wanaume. Kikosi cha Waitaliano ndicho kilichoirusha. Usione vyaelea, vimeundwa.

Ikiwa angani, Uhuru ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12, mithili ya mnara wa taa unaoongoza meli. Tofauti ni kwamba haikutoa mwanga bali iliupokea. Kila ilipogeuka, vifaa vyake vilifagia ukanda wa anga na kuhesabu miali iliyoingia. Kazi hiyo iliendelea hadi Machi 1973. Orodha ya mwisho ya matokeo yake, iliyochapishwa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei.

Nyota zilizopigapiga

Baadhi ya vyanzo hivyo vilishangaza. Kimoja, kiitwacho Centaurus X-3, kilikuwa kikipigapiga kama moyo, pigo moja kila sekunde 4.8. Kila baada ya siku mbili na ushei kilitoweka kwa saa kadhaa, kisha kikarudi. Maelezo yalipatikana: kilikuwa kitu kidogo kinachoizunguka nyota kubwa, na kila kilipopita nyuma ya nyota hiyo kilifichika.

Kitu hicho ni nyota ya nyutroni, yaani kiini kinachobaki nyota kubwa ikifa kwa mlipuko. Uzani wake hushinda wa Jua, lakini upana wake haupiti ule wa jiji. Mata yake imebanwa kiasi kwamba kijiko kimoja cha chai kingekuwa na uzani wa mabilioni ya tani.

Chanzo kingine, Cygnus X-1, kilichojulikana tangu mwaka 1964 kutokana na roketi ndogo, kilikuwa na tabia tofauti. Mwanga wake wa eksirei ulipanda na kushuka ovyo, bila mpigo maalumu, mara kadhaa katika sekunde moja.

Badiliko hilo la haraka lilikuwa ushahidi mkubwa. Hakuna kitu kinachokwenda kasi kuliko nuru, ambayo husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Kitu kizima hakiwezi kung'aa na kufifia kwa pamoja kabla habari haijavuka kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kikibadilika katika sehemu ya kumi ya sekunde, basi upana wake hauzidi kilomita 30,000. Upana wa Jua ni takriban kilomita 1,400,000. Kwa hivyo kilichokuwa Cygnus X-1 kilikuwa kidogo mno kikilinganishwa na nyota ya kawaida.

Swali lililobaki lilikuwa la uzani. Mwaka 1971, darubini za redio zilisaidia kubainisha mahali hasa miali ile ilipotoka, na hapo palikuwa na nyota kubwa ya buluu iitwayo HDE 226868. Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Tom Bolton nchini Canada, waliipima nyota hiyo wakagundua kwamba inayumba, ikienda na kurudi kila baada ya siku 5.6. Nyota haiyumbi bila sababu. Ilikuwa inavutwa na mwenzake asiyeonekana.

Kutokana na ukubwa wa kuyumba huko, wanafalaki walikadiria uzani wa mwenzake huyo. Jibu lilipita kikomo cha nyota ya nyutroni, ambacho wataalamu hukiweka kwenye uzani wa Jua mara mbili hadi tatu hivi. Zaidi ya hapo, hakuna nguvu inayojulikana iwezayo kuizuia mata isijiporomokee. Kitu kidogo, kizito, kisichoonekana: kilichobaki ni shimo jeusi.

Shimo jeusi ni nini?

Jina hilo linapotosha kidogo, kwani si shimo kwa maana ya uwazi. Ni mahali ambapo mata nyingi imebanwa katika nafasi ndogo mno, hata nguvu yake ya mvutano ikawa kali kiasi kwamba hakuna kitu kinachoweza kuchomoka, hata nuru. Ili Jua ligeuke shimo jeusi, lingelazimika kubanwa hadi libaki mpira wa kilomita tatu kutoka katikati hadi ukingoni. Kwa Dunia, kipimo hicho ni milimita tisa tu.

Je, ikiwa nuru haitoki, eksirei zilizoonwa na Uhuru zilitoka wapi? Zilitoka nje ya mpaka wa shimo. Shimo hilo huinyonya gesi ya nyota jirani, nayo gesi haitumbukii moja kwa moja, bali huzunguka kwanza kama maji yanayoelekea kwenye tundu la karai. Katika mzunguko huo gesi husuguana na kupata joto la mamilioni ya digrii, na kitu chenye joto hilo hung'aa kwa eksirei. Pafukapo moshi pana moto: shimo lenyewe halikuonekana, lakini moshi wake ulionekana.

Wengi hudhani pia kwamba shimo jeusi hufyonza kila kitu kilicho angani. Hilo si kweli. Lau Jua lingebadilika leo kuwa shimo jeusi lenye uzani uleule, Dunia ingeendelea kulizunguka kama kawaida, ila ingekuwa gizani na baridini. Hatari iko karibu kabisa na mpaka wake.

Si wataalamu wote waliokubali haraka. Mwaka 1974, mwanafizikia Stephen Hawking wa Uingereza aliwekeana dau na mwenzake Kip Thorne wa Marekani, akisema kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Hawking mwenyewe alikuwa ametumia miaka mingi kuyachunguza mashimo hayo; alitaka angalau apate kifuta machozi iwapo utafiti wake ungebainika kuwa kazi bure. Mwaka 1990 alikubali kushindwa.

Tangu hapo ushahidi umeongezeka. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2021 vilionyesha kwamba Cygnus X-1 ina uzani wa Jua mara 21 hivi, na kwamba iko umbali ambao nuru huchukua takriban miaka 7,200 kuusafiri. Aprili 2019 ulimwengu ulionyeshwa picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi, lililo katika galaksi ya M87, na Mei 2022 ikafuata picha ya lile lililo katikati ya galaksi yetu wenyewe, lenye uzani wa Jua mara milioni nne. Giacconi alituzwa Nobeli ya Fizikia mwaka 2002 kwa kazi iliyofungua elimu hii ya eksirei za angani.

Hata hivyo, mafumbo hayajaisha. Hakuna ajuaye kilichomo ndani ya mpaka wa shimo jeusi. Hesabu za Einstein husema mata hubanwa hadi isiwe na ukubwa wowote, na wanafizikia wengi huichukulia kauli hiyo kuwa dalili kwamba hesabu zenyewe zimefika ukingoni. Vilevile haijulikani hasa jinsi mashimo makubwa kupindukia yalivyoweza kukua haraka mara tu baada ya ulimwengu kuanza.

Urithi wa Malindi

Uhuru yenyewe iliporomoka na kuteketea hewani mwaka 1979. Kati ya mwaka 1967 na 1988, setilaiti tisa zilirushwa kutoka Ngomeni. Baada ya ile ya Machi 1988, hakuna nyingine iliyorushwa kutoka hapo, na kituo cha Malindi kimebaki kikifuatilia vyombo vya angani na kupokea mawasiliano yake.

Kenya nayo imeanza kuunda vyombo vyake. Mwaka 2018, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha angani, na Aprili 15, 2023, Taifa-1 ikarushwa kutoka jimbo la California, Marekani. Nusu karne iliyopita setilaiti ya kigeni ilipaa kutoka Kenya; leo setilaiti za Kenya hulazimika kupaa kutoka ugenini, ilhali ikweta haijahama na bahari ya Ngomeni bado iko wazi upande wa mashariki. Iwapo faida hiyo ya maumbile itatumiwa tena ni jambo la sera na fedha zaidi kuliko la sayansi.

Anayetaka kuangalia upande ambako Uhuru iliona moshi huo anaweza kufanya hivyo mwezi Septemba, mwendo wa saa mbili au saa tatu usiku, akitazama kaskazini. Kundi la nyota la Cygnus huonekana hapo kama msalaba mrefu. Nyota ya buluu HDE 226868 iko kando ya mti wa msalaba huo, karibu na katikati, nayo huhitaji darubini ndogo ili ionekane. Mwenzake haonekani kwa darubini yoyote.