Kuishi imani bila kuigiza: Mchele wa Bwana Chui na bahasha yetu

Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta mjini Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza Floribert Bwana Chui bin Kositi, mzaliwa wa Goma, kuwa mwenye heri. Sherehe ilifanyika Roma, mbali na mji wake, ambao tangu mwisho wa Januari mwaka huo ulikuwa umeingia mikononi mwa waasi wa M23. Sisi tuliifuatilia kwenye simu tukiwa jikoni, katika mji mmoja wa Marekani ambako Wakongo wengi wamepelekwa kama wakimbizi.

Ndugu msomaji, huenda jina hilo ni geni kwako. Bwana Chui hakuwa padri, hakuwa mchungaji, wala hakuwa mmoja wa mitume wa kujitangaza wanaojaza picha zao kwenye kuta za miji yetu. Alikuwa mfanyakazi wa serikali mwenye umri wa miaka 26, na kazi yake ilikuwa kukagua mizigo ya chakula. Aliuawa kwa sababu ya mchele.

Katika makala yetu ya leo tunataka kuzungumzia jambo linalotusumbua wengi tulio ughaibuni: mtu anaishije imani ya Kikristo kweli kweli, na anamshirikishaje mwenzake imani hiyo bila kuigiza? Tungeweza kulijibu swali hili kwa mahubiri. Lakini mahubiri tunayo mengi, na wengi wetu tumeshayachoka.

Mchele ulioharibika

Floribert alizaliwa tarehe 13 Juni 1981 na alisomea sheria katika chuo kikuu hukohuko Goma. Akiwa mwanafunzi alijiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio, akaanza kuwahudumia watoto wa mitaani, wale ambao kwetu huitwa maibobo. Aliwatafutia chakula, akahangaika ili warudi shule. Mwaka 2007 aliajiriwa na ofisi ya taifa ya ukaguzi wa bidhaa, inayojulikana kwa kifupi chake OCC, akapewa jukumu la kushughulikia bidhaa zilizoharibika.

Anayeijua Goma anajua uzito wa kazi hiyo. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, na unaishi kwa mpaka. Malori yanavuka, chukudu zinasukumwa zikiwa zimelemewa na magunia, na kina mama wanapita na mabeseni kichwani. Mzigo ukizuiliwa, tajiri anapata hasara. Mzigo ukipitishwa, aliyeupitisha anapata chake, na aliye juu yake naye anapata chake. Huo ndio utaratibu ambao kila mtu anaujua na hakuna anayeuandika.

Bwana Chui aliletewa mchele usiofaa kuliwa. Akaahidiwa fedha, akakataa. Fedha zikaongezwa, akakataa tena. Wakubwa wakamsemesha, naye akaagiza mchele ule uteketezwe. Sista mmoja daktari, aliyekuwa rafiki yake, alieleza baadaye kwamba kijana huyo alimwambia kuwa fedha zingeisha upesi tu, lakini je, wale ambao wangekula chakula kile ingekuwaje kwao? Alisema pia kwamba alijiuliza kama yeye anaishi kwa ajili ya Kristo au la.

Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa nyara. Tarehe 9 Julai mwili wake ulipatikana ukiwa na alama za mateso.

Papa Fransisko alimtaja mbele ya maelfu ya vijana katika uwanja wa Mashahidi mjini Kinshasa tarehe 2 Februari 2023. Novemba 2024 akaidhinisha rasmi kwamba kifo kile kilikuwa cha mfiadini. Hapo baadhi ya watu waliuliza: tangu lini kukataa rushwa kukawa ni kufa kwa ajili ya dini? Hakuna aliyemwambia amkane Kristo. Lakini jibu limo katika lile swali alilojiuliza mwenyewe. Kwake yeye, kumkana Kristo kungekuwa ni kuweka sahihi kwenye karatasi moja ya kuruhusu mchele uingie sokoni.

Bahasha yetu

Mwaka 2007 sisi tulikuwa Goma, na tulikuwa rika lake. Hatukumfahamu. Tulikuwa waandishi chipukizi katika redio moja ambayo hatutaitaja. Mshahara ulikuwa hauji miezi mitatu, minne, na sisi kama wenzetu wengi tuliishi kwa kile ambacho waandishi wa Kongo wanakiita coupage, yaani fedha ambazo mwenye habari humpa mwandishi ili habari yake itoke. Mara nyingine hutolewa ili isitoke.

Miezi michache kabla ya kifo cha Floribert, mama mmoja jirani yetu alinunua unga sokoni. Usiku ule watoto wake watatu waliharisha na kutapika hadi asubuhi. Alikuja kwetu kwa sababu alitusikia redioni na aliamini kwamba sisi ni watu wa kusema kweli. Tukafuatilia unga ule mpaka tukafika kwenye ghala. Mwenye ghala alitupokea vizuri, akatuagizia soda, akatuuliza habari za wazazi. Tulipoinuka kuondoka, akatukabidhi bahasha. Mlikuwa na dola 50.

Habari ile haikutoka. Tulilipa kodi ya chumba. Jumapili iliyofuata tulikuwa mstari wa mbele katika kwaya, tukiongoza wimbo. Watoto wa mama yule walipona, shukrani kwa Mungu na kwa muuguzi wa mtaani. Sisi hatukuchangia chochote.

Baadaye tuliandika habari nyingine, na baadhi yake zilihitaji moyo. Hizo ndizo zilizotufanya tukimbie nchi mwaka 2013. Huku ugenini watu wakaanza kutuita shujaa. Kila wageni walipofika kanisani, tuliitwa mbele kutoa ushuhuda wa jinsi Bwana alivyotuokoa na bunduki. Hatukuwahi kusema uongo hata siku moja. Tulisimulia nusu ya maisha yetu, tukaiacha ile nusu nyingine Goma.

Makanisa yaliyojaa

Eneo letu la Maziwa Makuu halijawahi kukosa Wakristo. Aprili 1994, katika parokia ya Nyange magharibi mwa Rwanda, watu wapatao 1,500 walikimbilia kanisani wakidhani hapo ni salama. Kanisa lile liliangushwa kwa tingatinga wakiwa ndani. Padri wao, Athanase Seromba, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa mjini Arusha, na mwaka 2008 rufaa yake ilimalizika kwa kifungo cha maisha. Waliouawa walikuwa wamebatizwa, na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa pia. Huenda baadhi yao walipokea komunyo kwenye benchi moja wakati wa Pasaka, wiki mbili tu kabla ya siku ile.

Miaka mitatu baadaye, alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, waasi waliivamia seminari ndogo ya Buta kusini mwa Burundi. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana wale wakakataa kutengana, na 40 kati yao wakauawa. Hakuna kati yao aliyekuwa na shahada ya teolojia. Walichokuwa nacho ni kwamba walikuwa wamelala bweni moja, wamekula sahani moja, na walipoambiwa wachague kati ya kabila na ndugu, walikuwa wameshachagua zamani.

Tunaziweka Nyange na Buta pamoja kwa makusudi. Dini ni ileile, nyimbo ni zilezile, na Ekaristi ni ileile. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba imani hupimwa kwa wingi wa watu, ukubwa wa spika au urefu wa mkesha. Imani hupimwa siku ile mtu anapodaiwa gharama, na siku hiyo haiji na taarifa.

Saa nane mchana, ugenini

Huku tunakoishi, kanisa letu la Kiswahili hukutana saa nane mchana katika jengo la Walutheri, baada ya wenyeji kumaliza ibada yao. Tunakaa humo Wabembe, Wafuliru, Wanyamulenge, Wahutu na Watutsi wa Burundi, na familia chache kutoka Rwanda. Ukituona tukicheza mbele wakati wa sadaka, ungedhani tumeshapatana. Ibada ikiisha, kila kabila lina kona yake ya maegesho ya magari. Vijana wetu waliozaliwa au kukulia huku wanaziona kona hizo. Hawasemi kitu, ila mwaka hadi mwaka wanapungua.

Ilipotangazwa kwamba Bwana Chui amekuwa mwenye heri, wazee wa kanisa walituomba tuzungumze juu yake, kwa kuwa sisi ni watu wa Goma. Tuliandaa hotuba nzuri. Ilikuwa na tarehe zote, na ilimalizika kwa wito wa kuwalaani wala rushwa wa Kongo. Usiku wa kuamkia Jumapili tuliisoma kwa sauti, tukafika mahali pa mchele, tukashindwa kuendelea.

Jumapili ile tulisimulia mchele, kisha tukasimulia bahasha. Wapo waliochukia. Mzee mmoja alitwambia mlangoni kwamba tumewaaibisha Wakongo, na kwamba mambo ya nyumbani hayaanikwi uani kwa watu. Tunamheshimu, na tunaelewa hofu yake. Lakini wiki hiyo kijana mmoja, aliyekuwa ameacha kanisa tangu amalize shule ya sekondari, alikuja nyumbani. Alisema mama yake amemweleza. Alisema pia kwamba alikuwa amesikia shuhuda nyingi maishani mwake, na katika zote adui alikuwa shetani au jirani, lakini hajawahi kusikia mtu mzima akitaja kosa lake mwenyewe akiwa amesimama pale mbele.

Simu ya Goma

Baada ya hapo tulibaki na deni moja. Tulimtafuta yule mama jirani. Yu hai, bado yuko Goma, na baada ya yote yaliyoupata mji ule bado anauza sambaza. Tulipiga simu mara nne kabla ya mtandao kukubali. Tukamsalimu, tukamweleza, tukamwomba msamaha.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilikuona siku ile, mwanangu. Nilikuwa ng'ambo ya barabara nikakuona ukitoka na bahasha."

Ndugu msomaji, tafadhali elewa uzito wa maneno hayo. Kwa miaka sita tuliyoendelea kuwa jirani zake, tulimwalika mama yule kanisani kwetu Pasaka na Krismasi. Tulimpa vipeperushi vya mikutano ya injili. Kila mara alijibu kwa adabu kwamba atakuja, na hakuja. Sisi tulisema moyo wake ni mgumu, tukamwombea. Kumbe alikuwa ameshasoma injili yetu ng'ambo ya barabara, na aliielewa vizuri kabisa.

Tulimuuliza kama ametusamehe. Akacheka, akasema alishasamehe zamani, maana kukaa na kinyongo kwa unga wa kilo tano ni kujitesa bure. Kisha akatuuliza kama huku tunakula vizuri.

Kushirikisha imani

Papa Paulo VI, katika waraka wake wa mwaka 1975 kuhusu uinjilishaji, alisema kwamba watu wa siku hizi huwasikiliza mashahidi kwa hiari zaidi kuliko walimu. Leo hali hiyo imezidi. Watu wameona mengi. Wameona mafuta na maji yakiuzwa kwa jina la Yesu. Mwaka 2023 waliona msitu wa Shakahola nchini Kenya, ambako ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Mwokozi. Mtu aliyeona hayo ana haki ya kuuliza maswali kabla ya kukubali mwaliko wetu.

Kwa hiyo tunashauri mambo machache, na tunajishauri sisi kwanza. Tukimsaidia jirani Msomali kujaza fomu za hospitali, tumsaidie kwa sababu ni jirani, na msaada ule usiwe chambo. Akituuliza tunaamini nini, tumwambie bila kuficha na bila kumdharau. Tukitoa ushuhuda, tusiruke sehemu ambayo sisi ndio tuliokosea. Na kabla ya kuwaita wengine ndani, tuzitazame kona zetu za maegesho.

Tunajua kwamba wengi wetu hatutaletewa mchele wa Bwana Chui. Tutaletewa vitu vidogo zaidi: fomu ya kodi, saa za kazi ambazo hatukuzifanya, habari inayolipiwa ili ilale. Vijana wetu watakuwa wanatutazama siku hizo, na hatutajua wamesimama wapi.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mzee yule aliyetukemea mlangoni alivuka maegesho ya magari, akaenda kuwasalimia watu wa kona nyingine. Alikaa nao kama dakika kumi. Hatujui walizungumza nini.