Bega Likiuma: Eksirei, Ultrasaundi au MRI?

Kuli wa bandari ya Mombasa, mama wa Kisauni anayeinua mitungi ya maji, fundi wa rangi anayeshinda mkono juu: bega huwaumiza wote hawa, na wengi hulipia picha isiyojibu swali lao.

Kabla ya kutoa hata shilingi, pimwa kwa mikono. Daktari au mtaalamu wa fiziotherapia atauinua mkono wako, aupinge, aone unapokwama. Kazi hiyo haihitaji kuvuka kwenda kisiwani Mombasa. Anza na hospitali ya karibu, kama Port Reitz ukiwa Changamwe au ile ya kaunti ndogo ukiwa Likoni. Maumivu yaliyoanza polepole mara nyingi hutulia kwa mazoezi ya wiki kadhaa, bila picha yoyote.

Eksirei
Ndiyo nafuu kuliko zote. Huonyesha mfupa uliovunjika, bega lililoteguka, na chokaa iliyoganda kwenye kano. Kano yenyewe haionekani. Ukiambiwa eksirei ni safi, usidhani kano nayo imesalimika.

Ultrasaundi
Hii kwa kawaida ni ya elfu chache. Unapakwa jeli, kisha unaambiwa uweke kiganja kwenye mfuko wa nyuma wa suruali ili kano ichomoze kutoka chini ya mfupa. Kano nzima hutokea kama ukanda mweupe wenye nyuzi. Iliyokatika huacha pengo jeusi. Kwa kano iliyokatika kabisa, ultrasaundi hukaribiana sana na MRI, mradi anayeipiga amezoea mabega. Mwulize kabla hujalipa, kwani hodari wa picha za wajawazito si lazima awe hodari wa kano.

MRI
Bei yake hupita elfu kumi kwa urahisi. Unalala kama nusu saa ndani ya mashine yenye kelele, ila haitumii miale kama ya eksirei. Huonyesha misuli iliyonyauka, gegedu na sehemu ambazo mfupa huzificha zisionekane kwa ultrasaundi. Mwenye kifaa cha moyo au chuma mwilini aseme mapema. MRI hufaa upasuaji unapofikiriwa, au ultrasaundi ikiacha shaka.

Gharama za pembeni
Uliza kama bei ni pamoja na ripoti, na kama kuna sindano ya dawa ya kuangazia. Bima ya afya ya serikali, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, lakini kuwa mwanachama pekee hakukuhakikishii kila picha. Thibitisha na kituo kwanza. Feri ya Likoni ni bure kwa watembea kwa miguu, ila hesabu pia kibarua cha siku utakachokosa. Picha zako zitunze, usije ukalipishwa mara mbili.

Uamuzi
Ukianguka na mkono ukagoma ghafla kuinuka, usingoje: eksirei na ultrasaundi mapema, maana kano iliyokatika hujivuta nyuma na kuwa ngumu kushonwa. Maumivu ya polepole, mazoezi kwanza, yakikaidi, ultrasaundi. Waliopita miaka 60 wakumbuke kwamba wengi wa rika lao wana kano zilizochanika na hawasikii maumivu, hivyo picha peke yake haitoshi kumpeleka mtu kwenye kisu. Pesa ya MRI iweke mpaka daktari wa mifupa akueleze jibu lake litabadilisha nini katika matibabu yako.